Zebaki Isiyoshikana na Dhahabu Inayopotea Mwaloni

Katika vyama vingi vya msingi vilivyo kati ya Kahama na Geita, mwanachama yule yule alimaye pamba au mpunga wakati wa mvua ndiye ashikaye sururu na karai wakati wa kiangazi. Segese, iliyo katika Halmashauri ya Msalala, ni mojawapo ya sehemu ambazo shamba na duara vimepakana, hata si rahisi kutenganisha fedha ya zao na fedha ya dhahabu katika kipato cha nyumba moja. Kwa hiyo mambo ya mwaloni hufika katika ofisi ya chama, hata kama chama chenyewe kiliandikishwa kwa ajili ya mazao. Mkopo wa pembejeo huchelewa kulipwa kwa sababu dhahabu iliyotegemewa haikupatikana, na lawama hutupiwa mawe, au bahati, au mwenye karasha.

Mara nyingi mawe hayana kosa. Dhahabu ilikuwamo, ikasagwa, ikaoshwa, ikakutanishwa na zebaki, kisha ikaondoka na maji na kuingia katika marudio. Sababu yake huonekana kwa macho ndani ya beseni: zebaki iliyotakiwa kujikusanya kuwa donge moja hugawanyika kuwa punje ndogo ndogo za kijivu, mithili ya unga, ambazo hazishikani tena hata zikigongana. Kila punje iliyokwisha kunasa chembe ya dhahabu huichukua chembe hiyo iendako yenyewe.

Dawa itumiwayo na wengi ni kuongeza zebaki. Dawa hiyo si sahihi, nayo huongeza hasara na sumu kwa pamoja. Makala haya yanaeleza kwa nini, na yale ambayo chama kinaweza kuyasimamia.

Tone na uso linaoukalia

Tone la maji likiangukia jani la gimbi huwa duara na kuviringika hadi likaanguka. Jani hubaki kavu. Tone lile lile likiangukia kigae cha kioo kilichooshwa vizuri hutandaa na kushikamana nacho. Maji hayakubadilika, kilichobadilika ni uso. Jani la gimbi limepakwa nta na maumbile yake, na maji hayapendi nta. Tabia hii ya uso kukubali au kukataa kuloweshwa na kimiminika fulani ndiyo ufunguo wa habari nzima ya zebaki.

Kila kimiminika hujivuta kwa ndani kana kwamba kimevaa ngozi nyembamba. Ngozi ya zebaki ina nguvu zaidi ya mara 6 kuliko ile ya maji. Ndiyo maana zebaki ikimwagika juu ya mbao, kioo, mchanga au jiwe jeupe hujifanya vidonge vya mviringo na kukimbia. Chuma nacho haikiloweshi, na kwa sababu hiyo zebaki imesafirishwa kwa miaka mingi ndani ya chupa za chuma bila kuviharibu vyombo hivyo. Lakini ikikutana na dhahabu, fedha, shaba, bati au zinki iliyo safi, hutandaa juu yake na kuanza kupenya ndani. Uchaguzi huu, wa kuikumbatia dhahabu na kuuacha mchanga, ndio uliowafanya watu waitumie kwa karne nyingi. Georgius Agricola wa Ujerumani aliueleza katika kitabu chake kuhusu madini kilichochapishwa mwaka 1556.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba matone mawili safi ya zebaki yakigusana huungana mara moja. Tone moja kubwa lina ngozi ndogo kuliko jumla ya ngozi za matone mawili yaliyolizaa, na zebaki, kwa nguvu ya mvutano wake, daima huelekea kwenye ngozi ndogo. Kuungana ndiyo asili yake. Basi ionekanapo imekataa kuungana, hapana budi kuwe na kitu kilichoingia katikati.

Akina mama wanaosukasuka maziwa katika kibuyu wanakifahamu kitu cha namna hiyo, ingawa hawakiiti kwa jina. Mafuta yamo ndani ya maziwa tangu yanapokamuliwa, lakini yamo katika matone madogo mno, na kila tone limevikwa utando unaolizuia lisiungane na jirani yake. Kusukasuka huupasua utando huo, matone yakaungana, na siagi ikajitokeza. Kwa zebaki mfano huu unafaa nusu tu, maana zebaki chafu ikisukwasukwa zaidi haipasuki utando bali hupasuka yenyewe, ikazidi kuwa unga. Wengi hupotea hapa: wanaona punje, wanaongeza nguvu ya kusugua, na punje zinaongezeka.

Utando unatoka wapi

Sentimita moja ya ujazo ya zebaki ina uzito wa gramu 13.6. Ikiwa tone moja, ngozi yake yote haifiki sentimita 5 za mraba. Ikivunjwa kuwa matone yenye upana wa sehemu ya kumi ya milimita, matone hayo yatakuwa karibu milioni 2, na ngozi yake kwa jumla itakuwa sentimita 600 za mraba, yaani zaidi ya mara 120 ya ile ya kwanza. Uchafu kidogo usioweza kulidhuru tone kubwa sasa una nafasi ya kutosha kufanya madhara, kwa kuwa utando mwembamba sana watosha kuyatenga matone.

Uchafu wa kwanza ni mafuta. Grisi ya beringi za karasha na oili ya injini hudondokea katika unga wa mawe, na mikono ya mafundi huleta sehemu nyingine. Mafuta huivaa dhahabu pia. Chembe ya dhahabu iliyovaa mafuta haitambulikani na zebaki kuwa ni dhahabu. Huviringika kando yake kama mchanga.

Uchafu wa pili ni udongo mfinyanzi na kutu. Mipira ya chuma ndani ya karasha hulika kila siku, na vumbi lake huungana na maji kuwa kutu laini. Udongo wa tabaka za juu hufanya tope linalonata. Vitu hivi viwili huondoka kwa kuoshwa kwa subira, wala havihitaji dawa.

Uchafu wa tatu ni mgumu zaidi, nao umo ndani ya mwamba wenyewe. Mawe yatokayo chini sana ya duara, yaliyopita tabaka la kutu nyekundu, mara nyingi yana madini yenye salfa, na mengine yana aseniki. Madini haya yakisagwa hushambulia ngozi ya zebaki na kuifanya nyeusi. Mchimbaji aliyepata dhahabu vizuri kutoka mawe mekundu ya juu hushangaa kuona mawe ya chini, ambayo huenda yana dhahabu zaidi, yakimpa kidogo. Kwa mawe ya namna hii zebaki si chombo kizuri, hata iongezwe kiasi gani.

Kuna na sabuni ya unga, ambayo inastahili maneno yake peke yake. Wachenjuaji wengi huitia, na katika hatua moja wako sawa: sabuni huondoa grisi juu ya dhahabu. Tatizo ni kuiacha humo. Sabuni hufanya kazi kwa kukaa mpakani, mguu mmoja katika mafuta na mguu mmoja katika maji, na kwa tabia hiyo hiyo huweza kuyazunguka matone na kuyazuia yasiungane. Kwa hiyo sabuni itumike kidogo, kabla ya zebaki kuingia, na mchanga usuuzwe kwa maji safi hadi povu liishe.

Hata maabara huchezea mambo haya

Wako wataalamu ambao kazi yao ni kuyaongoza matone ndani ya mifereji midogo sana iliyochongwa katika plastiki au kioo, mingi yake ikiwa na upana wa sehemu ya kumi ya milimita au pungufu. Matone ya maji yenye dawa hupitishwa humo yakiwa yamezungukwa na mafuta, moja baada ya jingine, kila tone likitumika kama kichupa cha kupimia. Ukuta wa mfereji ukiwa wenye kuchukia maji, mafuta hubaki yameufunika, na matone hupita bila kugusana. Lakini fundi akitaka matone mawili yachanganyike mahali fulani, hukigeuza kipande kidogo cha ukuta kiwe chenye kupenda maji. Tone lifikapo hapo hushika ukuta na kukawia. La nyuma hulikuta, nayo huungana. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichapisha maelezo ya njia hiyo. Hawakubadilisha tone lenyewe. Walibadilisha ukuta.

Mchenjuaji anaweza kufanya lililo sawa na hilo kwa bamba la shaba. Bamba lililosuguliwa hadi kung'aa, likapakwa fedha kwa umeme na kisha zebaki kidogo, huwa ukuta upendao zebaki. Marudio yakipitishwa polepole juu ya bamba hilo lililoinamishwa kidogo, punje za zebaki zilizokuwa zikitoroka hushika bambani, huungana, na kuweza kukwanguliwa pamoja na dhahabu iliyomo. Mabamba ya aina hii yametumika katika machimbo ya Amerika ya Kusini. Hata hivyo bamba huokoa kilichokwisha kuharibika. Ni afadhali zaidi kutokuharibu.

Mambo ya kusimamiwa mwaloni

La kwanza, na ambalo chama chenye mwalo au karasha chaweza kulipitisha katika mkutano wake kuwa sharti, ni kutotia zebaki ndani ya karasha wala juu ya mawe yote yaliyosagwa. Mipira ya chuma huipiga zebaki ikawa unga kabla hata haijaiona dhahabu, na huipiga katikati ya grisi na kutu. Kwanza mawe yasagwe, yapitishwe juu ya magunia ya mwalo, na mchanga mzito uliobaki kwenye magunia ndio pekee ukutanishwe na zebaki. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo mkubwa ziondoe kabisa desturi ya kutia zebaki katika mawe yote.

La pili ni kuusafisha mchanga mzito: grisi itolewe, sabuni isuuzwe, tope limwagwe hadi maji yawe meupe. Vumbi la chuma liondolewe kwa sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kazi hii huchukua muda, na mwenye haraka huiruka. Lakini muda huo ndio unaolipwa kwa dhahabu.

La tatu ni kuchanganya kwa upole ndani ya chombo, kwa glovu, si kwa mikono mitupu. Beseni la mwaloni lisirudi jikoni kwa sababu yoyote.

La nne linahusu ritoti, na hapa yafaa kukaa kidogo, maana ubishi ni mwingi. Donge lililokamuliwa kwenye kitambaa bado lina zebaki karibu nusu ya uzito wake. Likichomwa juu ya moto wa wazi, nusu hiyo huwa moshi usioonekana, nao huvutwa na aliyechoma, na watoto walio karibu, na mwenye duka la jirani. Zebaki huchemka katika nyuzi 357 za Selsiasi, na mvuke wake huingia damuni kupitia mapafu, hudhuru ubongo na figo, hufanya mikono itetemeke, na humfikia mtoto aliye tumboni. Ritoti iliyofungwa vizuri huurudisha mvuke huo kuwa kimiminika, zaidi ya sehemu 9 katika kila 10. Wachimbaji wanaijua, na bado wengi wanaikataa.

Sababu mojawapo ya kuikataa si ukaidi. Wanasema zebaki iliyotoka katika ritoti "imechoka", haikamati tena kama mpya. Wanasema kweli. Mvuke ukipoa ndani ya bomba huwa matone madogo sana, nayo huchukua masizi na utando mwingine, yakakataa kuungana. Ni ugonjwa ule ule wa beseni. Kwa hiyo kumhimiza mwanachama anunue ritoti bila kumwonyesha jinsi ya kuiponya zebaki yake ni kumpa nusu ya maarifa.

Uponyaji wa kwanza ni kuipitisha zebaki hiyo katika kitambaa safi kilicholowa, mara mbili au tatu, chini ya maji. Ikikaidi, ipo njia ya chumvi na betri, ambayo ilielezwa katika mafunzo ya mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki wa mwaka 2002 hadi 2007. Katika Tanzania eneo la mradi huo lilikuwa Rwamagasa, Geita. Zebaki huwekwa katika chombo cha plastiki au kioo na kufunikwa kwa maji yenye chumvi, kiasi cha sehemu 1 ya chumvi kwa sehemu 9 za maji. Waya wa upande hasi wa betri ya volti 12 huigusa zebaki chini. Wa upande chanya hubaki ndani ya maji bila kuigusa. Baada ya dakika 10 au 15 utando huondoka, sodiamu kidogo kutoka katika chumvi huingia ndani ya zebaki, na matone huonekana yakikimbiliana na kuwa moja. Upande chanya hutoa gesi ya klorini, yenye harufu kali na madhara kwa mapafu. Kazi ifanywe nje, penye upepo, na mtu mzima. Nguvu hiyo haidumu, hivyo zebaki itumike saa hiyo hiyo, si kesho.

Marudio ni ya nani

Katika mialo mingi mwenye mawe huondoka na dhahabu aliyoipata, na marudio hubaki kwa mwenye mwalo au karasha, ambaye huyauza kwa wenye mitambo ya sianidi. Mpango huo huonekana ni wa haki mtu anapodhani kwamba marudio ni takataka. Lakini zebaki iliyosagika imeyageuza kuwa ghala. Mwanachama aliyeshindwa kusuuza mchanga wake amemwachia mwingine sehemu ya jasho lake bila kuandikiana, naye anarudi nyumbani akiamini duara limekauka. Makatibu wanaoandaa mapatano kati ya wanachama na wenye mialo wanashauriwa kulitaja suala la marudio kwa maneno ya wazi.

Marudio yenye zebaki yakipelekwa katika sianidi huleta hatari nyingine. Sianidi huiyeyusha zebaki pamoja na dhahabu, ikaisambaza katika maji kwa urahisi zaidi kuliko ilivyokuwa peke yake. Mkataba wa Minamata umeliweka jambo hili nalo miongoni mwa yale yanayotakiwa kukomeshwa, iwapo zebaki haikuondolewa kwanza. Ndani ya matope ya mabwawa, vijidudu huigeuza zebaki kuwa aina iingiayo katika samaki. Mji wa Minamata wenyewe, huko Japani, ulipata sifa yake mbaya kwa njia ya samaki. Ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Chama kinachogawa au kusimamia zebaki hakina budi kuwa na daftari lake. Safu nne zinatosha: iliyotolewa, iliyorudi kutoka kitambaani, iliyorudi kutoka katika ritoti, na tofauti. Tuseme mwanachama amepewa gramu 100, zikarudi 60 kitambaani na 25 katika ritoti. Tofauti ni gramu 15. Gramu hizo hazikupotea kimiujiza. Ama zimo hewani ama zimo katika marudio, na katibu akiona tofauti kubwa huku ritoti ikitumika ipasavyo, ajue kwamba zebaki inasagika, aende akaangalie grisi ya karasha kabla ya kumtuhumu mtu wizi.

Njia isiyotumia zebaki

Katika Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo huyeyusha mchanga wao mzito pamoja na boraksi, ile dawa nyeupe inayofahamika kwa masonara. Majaribio ya kuileta njia hiyo kwa wachimbaji wa Tanzania yaliandikwa mwaka 2010. Boraksi huyafanya masalia ya mawe yayeyuke mapema na kuwa mepesi kama uji mwembamba, na matone ya dhahabu iliyoyeyuka hupata njia ya kushuka, kukutana chini na kuungana kuwa kidonge. Bila boraksi masalia hayo huwa mazito, na matone hubaki yametawanyika humo, kila moja peke yake. Njia hii hudai mchanga mzito uliosafishwa zaidi kuliko ilivyozoeleka mialoni mwetu, pamoja na makaa na kipulizo cha kutosha. Chama kitakachotaka kuijaribu kianze kwa kugawa mchanga wa mwanachama mmoja katika mafungu mawili yenye uzito sawa, moja lichenjuliwe kwa zebaki na jingine kwa boraksi, mbele ya kamati, na uzito wa dhahabu ya kila fungu uandikwe katika daftari kabla mnunuzi hajaitwa.